Hesabu hazizuiliwi mpakani

Mnamo mwaka wa 1999 niliketi mbele ya tarakilishi katika duka moja la intaneti jijini Nairobi, nikitaka kujipatia kivinjari kipya. Kabla ya kunipa programu hiyo, ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza uliniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo: Je, wewe ni raia au mkaazi wa Marekani au Kanada? Nilijibu kwa ukweli kwamba mimi ni Mkenya. Papo hapo nikaelekezwa kwenye programu nyingine yenye jina lile lile na sura ile ile, ila kufuli yake ilikuwa hafifu. Wenyewe waliiita toleo la kimataifa.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa hisabati. Nilitoka pale nikijiuliza ni hesabu gani hiyo ambayo mtoto wa Chicago aruhusiwa kuitumia ilhali mtoto wa Kakamega akatazwa. Jawabu nililipata baadaye, na ndilo ninalotaka kuwasimulia walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao. Si kwa ajili ya kuchochea kinyongo cha zamani. Kanuni zile zililegezwa kitambo. Lakini athari zake bado tunaishi nazo, na fikira iliyozizaa haijafa. Huzuka upya kila serikali inapoingiwa na hofu.

Tuanze na maana ya maneno. Usimbaji fiche ni sanaa ya kuyageuza maandishi yanayosomeka yawe mchafukoge wa herufi na tarakimu, ili asiye na ufunguo asiambulie kitu. Ufunguo wenyewe ni namba tu. Urefu wake hupimwa kwa biti, na kila biti moja inapoongezwa, kazi ya mwizi anayejaribu funguo zote moja baada ya nyingine huongezeka maradufu. Ufunguo wa biti 40 una uwezekano upatao trilioni moja. Ufunguo wa biti 56 una uwezekano mara 65,536 zaidi ya huo. Ule wa biti 128 hauwezi kumalizwa kwa kujaribiwa na tarakilishi zote za dunia, hata zikipewa umri wa dunia.

Programu huria, kwa upande wake, ni programu ambayo msimbo wake umewekwa wazi. Msimbo ni yale maagizo yanayoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa lugha ya mashine. Yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kumgawia mwenziwe. Anayeitunga programu ya aina hii aghalabu hamjui anayeitumia. Aweza kuwa Mholanzi, Mhindi au Mkenya. Wanaoirekebisha nao wametapakaa kote ulimwenguni, na wengi wao hawajapata kuonana ana kwa ana.

Sasa tazama mgongano uliokuwapo. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka wa 1976 ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje ya nchi, usimbaji fiche ulikuwa umeorodheshwa miongoni mwa zana za vita. Ulikaa katika orodha moja na vifaru na makombora. Aliyetaka kuupeleka nje alihitaji leseni ya Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Tena neno 'kupeleka nje' lilikuwa na maana pana kupita ile ya bandarini. Kumfunulia mgeni maarifa ya kiufundi kuhusu zana hizo, hata akiwa ameketi darasani ndani ya Marekani kwenyewe, kulihesabiwa kuwa ni kupeleka nje. Na kuuweka msimbo kwenye intaneti, ambako hakuna mlango wala askari wa forodha, kulikuwa ni kuupeleka kila mahali kwa mpigo mmoja.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hofu ya serikali ile haikuwa ya kipuuzi. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza na wenzao walifaulu kuzifumbua siri za Wajerumani, na ufumbuzi huo uliokoa maisha ya watu wengi. Tangu hapo ikaeleweka kwamba taifa lisomalo barua za adui lina silaha isiyoonekana. Sisi wa Nairobi hatuna haja ya kufundishwa uzito wa hoja hiyo. Tarehe 7 Agosti, 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji letu na zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao Wakenya waliokuwa wamekwenda kazini tu. Mtu akisema kwamba polisi wangepaswa kuwa na uwezo wa kusikiliza njama za wauaji kama wale, mimi siwezi kumcheka.

Swali langu ni jingine: Je, kanuni zile zilimzuia nani hasa? Tukiutazama ushahidi wa miaka ile, tutaona kwamba aliyezuiliwa hakuwa adui. Alikuwa mwalimu, mwanafunzi, na mtu aliyejitolea kuandika programu bila ya malipo.

Kisa cha kwanza ni cha Phil Zimmermann wa Colorado. Mwaka wa 1991 alitoa bure programu aliyoiita PGP, ambayo ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kuifunga barua yake ya tarakilishi kwa kufuli madhubuti. Programu hiyo haikukawia kuvuka mipaka kupitia mitandao. Kufikia 1993 maafisa wa forodha wa Marekani walikuwa wakimchunguza kama mtu aliyesafirisha silaha bila ya leseni. Uchunguzi huo ulimning'inia shingoni kwa takriban miaka mitatu, hadi ulipofungwa mwezi wa Januari, 1996 bila ya yeye kushtakiwa.

Vijana wa leo huenda wakauliza raia mwema ana siri gani hata ahitaji kufuli. Sisi tuliokuwa tukifundisha katika miaka ya 1980 tunalo jibu. Twakumbuka jinsi mtu alivyopunguza sauti kwenye simu, jinsi barua ilivyofika ikiwa imefunguliwa na kugandishwa upya, na jinsi mwalimu alivyotazama huku na huku kabla ya kutoa maoni yake katika chumba cha walimu. Hatukuwa na njama yoyote. Tulikuwa na fikira tu, na fikira zenyewe zilitosha kumpeleka mtu kizuizini. Asiyewahi kuogopa sikio la dola huona kufuli kuwa ni kitu cha mwizi.

Kisa cha pili kinafurahisha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwaka wa 1994 mhandisi Phil Karn aliiuliza serikali ya Marekani kama kitabu cha Bruce Schneier kuhusu usimbaji fiche chaweza kupelekwa nje. Kitabu hicho kilikuwa kimechapa msimbo kamili katika kurasa zake. Alijibiwa kwamba kitabu hakina pingamizi. Akauliza tena kuhusu kisahani cha tarakilishi chenye msimbo uleule uliomo kitabuni. Akajibiwa kwamba kisahani ni zana ya vita. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule. Yakiwa katika karatasi ni elimu, yakiwa katika kisahani ni silaha.

Watu wenye akili hawakukawia kuutumia ufa huo. Mwaka wa 1995 shirika la uchapishaji la chuo kikuu cha MIT lilichapisha msimbo mzima wa PGP kama kitabu. Baadaye, mwaka wa 1997, msimbo wa toleo jipya ulichapwa vitabuni, ukasafirishwa hadi Ulaya kihalali, na huko watu waliojitolea wakaupiga picha ukurasa baada ya ukurasa na kuurudisha ndani ya tarakilishi. Hebu fikiria kazi hiyo. Mashine iliyoweza kutuma msimbo wote ng'ambo kwa dakika chache iliwekwa kando, watu wakarudi kwenye karatasi na wino ili kuitii sheria isiyokuwa na maana.

Kisa cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi, kwa kuwa ni cha mwalimu. Peter Junger alikuwa profesa wa sheria katika chuo kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland. Alifundisha somo la tarakilishi na sheria, na katika somo hilo alitaka kuwaonyesha wanafunzi mfano wa programu ya usimbaji. Aligundua kwamba mwanafunzi wa kigeni akiwemo darasani, kufundisha kwake kwaweza kuhesabiwa kuwa ni kusafirisha silaha. Kwa hivyo akaona hana budi ila kuwafungia wageni mlango wa darasa lake, au aende mahakamani. Alikwenda mahakamani mwaka wa 1996. Mwaka uliofuata aliambiwa kwamba sura ya kitabu chake cha kufundishia yaweza kwenda nje ikiwa imechapwa karatasini, lakini ikiwa katika umbo la tarakilishi itahitaji leseni.

Wengi wetu tumewahi kuwa na ndugu au mwanafunzi wetu wa zamani aliyekwenda kusomea Marekani. Mwanafunzi huyo wa Kenya, aliyelipiwa karo kwa michango ya harambee, ndiye ambaye kanuni ile ingemtoa darasani. Wala si kwa kosa alilotenda. Ni kwa pasipoti aliyoibeba.

Wakati uo huo, Daniel Bernstein, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu huko Berkeley, California, alikuwa amebuni mbinu yake ya usimbaji na kutaka kuichapisha ili wenzake waikosoe, kama ilivyo ada ya wanataaluma. Alipoambiwa kwamba alihitaji leseni ya serikali, alishtaki mwaka wa 1995. Jaji Marilyn Hall Patel aliamua mwaka wa 1996 kwamba msimbo wa programu ni usemi, na kwa hivyo unalindwa na katiba ya nchi ile kama makala au wimbo unavyolindwa. Mwezi wa Mei, 1999 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa walimuunga mkono. Uamuzi huo wa rufaa uliondolewa ili kesi isikizwe upya na jopo kubwa zaidi, na kabla ya kusikizwa serikali ikabadilisha kanuni zake. Hata hivyo, mwezi wa Aprili, 2000 mahakama nyingine ya rufaa iliyoishughulikia kesi ya Profesa Junger ilikata kauli kwamba msimbo ni njia ya binadamu ya kuelezana mawazo, na hivyo una ulinzi wa katiba.

Tuje sasa kwenye miradi ya programu huria yenyewe, kwani huko ndiko hasara ilikoonekana siku kwa siku. Mradi wa Debian, ambao hukusanya maelfu ya programu kuwa mfumo mmoja, ulilazimika kuzitenga programu zote za usimbaji na kuziweka katika ghala la pekee nje ya Marekani, kwenye seva za Uholanzi. Kichekesho ni kwamba sheria ilibana upande mmoja tu. Mmarekani aliruhusiwa kuichukua programu kutoka Uholanzi na kuiingiza kwao. Lakini akimrudishia Mholanzi yule yule programu ile ile aliyompa, amevunja sheria.

Mradi wa OpenBSD, unaoongozwa na Theo de Raadt kutoka mji wa Calgary, uliufanya ukanada wake kuwa ngao. Kanada iliruhusu programu za usimbaji zilizo wazi kwa umma zisafirishwe, kwa hivyo kazi hiyo ilifanyika huko na katika nchi nyingine, na Wamarekani hawakuruhusiwa kuigusa. Katika mradi huo ndimo ilimozaliwa OpenSSH mwaka wa 1999, programu ambayo mafundi hutumia kuingia katika seva zao wakiwa mbali. Mmoja wa walioiandika alikuwa Mjerumani aliyesoma katika jimbo la Michigan, na ilimbidi avuke mpaka na kuingia Kanada ili aandike sehemu za usimbaji. Kichwa kilikuwa kile kile na maarifa yale yale. Kilichobadilika ni udongo aliokanyaga tu.

Mifano haiishii hapo. FreeS/WAN, mradi wa kuyalinda mawasiliano katika mfumo wa Linux, ulianzishwa na Mmarekani John Gilmore, lakini uliukataa msimbo wowote ulioandikwa na raia wa Marekani. Kampuni ya Netscape ilipoweka wazi msimbo wa kivinjari chake tarehe 31 Machi, 1998, na hivyo kuuanzisha mradi wa Mozilla, ilibidi kwanza ing'oe sehemu zote za usimbaji. Kiini cha Linux chenyewe kilikaa bila ya usimbaji ndani yake kwa miaka mingi. Aliyeutaka alichukua kiraka kilichotunzwa nje na kukishonea mwenyewe.

Na je, maarifa yalibaki Marekani? La hasha. Mjerumani Werner Koch alianza kuiandika GnuPG mwaka wa 1997, programu huria ya kuchukua nafasi ya PGP, na baadaye serikali ya Ujerumani ikaufadhili mradi huo. Eric Young na mwenzake Tim Hudson waliiandika huko Australia programu ya SSLeay, ambayo mwaka wa 1998 ilizaa OpenSSL, mojawapo ya makufuli yanayotumiwa zaidi kwenye intaneti. Kanuni iliyokusudiwa kuuweka ujuzi nyumbani iliufukuza ujuzi huo uende ugenini. Hesabu ni kama harufu ya karafuu. Waweza kulifunga ghala, lakini huwezi kuuzuia upepo.

Tena yafaa tuuone ubovu wa ile kufuli hafifu tuliyopewa sisi wa mataifa mengine. Mwezi wa Agosti, 1995 Mfaransa Damien Doligez aliuvunja ufunguo wa biti 40 wa kivinjari cha Netscape kwa muda wa siku nane, akitumia tarakilishi za kazini kwake. Mwezi wa Januari, 1997 Ian Goldberg, mwanafunzi wa Berkeley, aliuvunja mwingine wa urefu huo kwa saa tatu na nusu. Mwaka wa 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation liliunda mashine ya gharama isiyofika dola 250,000 na kuuvunja ufunguo wa biti 56 kwa muda wa saa 56. Hizo ndizo kufuli zilizoambatana na jina zuri la 'kimataifa'. Benki na wafanyabiashara wa nje ya Marekani walioziamini programu hizo walikuwa wakifunga mlango kwa uzi.

Wahenga walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kanuni zililegezwa mwaka wa 2000, lakini kufuli hafifu zilibaki zimejificha katika seva na programu nyingi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuziondoa. Mwezi wa Machi, 2015 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina la FREAK. Walionyesha kwamba mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano aweza kuilazimisha seva itoe ule ufunguo dhaifu wa zama za kanuni, na programu ya mteja iukubali ingawa haikuuomba. Ufunguo huo uliweza kuvunjwa kwa saa chache kwa tarakilishi za kukodi, kwa gharama ipatayo dola 100. OpenSSL ilikuwa miongoni mwa programu zilizoathirika. Miongoni mwa tovuti zilizokutwa na udhaifu huo ilikuwemo ya ikulu ya Marekani na ya shirika lao la ujasusi wa mawasiliano, NSA. Mwezi wa Mei mwaka huo huo ukagunduliwa udhaifu wa pili wa chimbuko hilo hilo, Logjam, na mwezi wa Machi, 2016 ukaja wa tatu, DROWN. Kufuli iliyodhoofishwa kwa ajili ya mgeni ilimwibia mwenye nyumba miaka 15 baadaye.

Kulegezwa kwenyewe kulikwenda hatua kwa hatua. Mwezi wa Novemba, 1996 Rais Bill Clinton aliuondoa usimbaji wa kibiashara katika orodha ya silaha na kuukabidhi kwa Wizara ya Biashara. Mwezi wa Januari, 2000 wizara hiyo ilikubali kwamba msimbo wa usimbaji uliowekwa wazi kwa umma waweza kutolewa bila ya leseni, almuradi mwenyewe aiarifu serikali kwa barua ya intaneti ni wapi ameuweka. Ndipo Debian, mwaka wa 2002, ikayarudisha makufuli yake ndani ya ghala kuu, na Linux ikaanza kuukaribisha usimbaji ndani ya kiini chake. Mwezi wa Machi, 2021 hata ule wajibu wa kuarifu uliondolewa kwa programu huria zinazotumia mbinu za kawaida zinazojulikana. Umebaki kwa wale wanaobuni mbinu zisizo za kawaida.

Msomaji aweza kusema kwamba basi kisa kimekwisha. Hakijaisha. Kanuni za usimbaji zilipolegea, zilibaki kanuni za vikwazo dhidi ya mataifa. Mwezi wa Januari, 2010 SourceForge, ambalo wakati huo lilikuwa ghala mashuhuri la programu huria, liliwafungia watumiaji wa Cuba, Iran, Korea Kaskazini, Syria na jirani yetu Sudan. Mwanafunzi wa Khartoum aliyetaka kusoma jinsi programu inavyoandikwa alikuta mlango umefungwa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Mwezi uliofuata ghala hilo liliwaachia wenye miradi waamue wenyewe. Mwaka wa 2019 GitHub, ghala kubwa kupita hilo, liliwawekea mipaka watumiaji wa Iran na Syria. Ililazimu leseni maalumu ya serikali ili Wairani wafunguliwe mwezi wa Januari, 2021. Na mwezi wa Oktoba, 2024 watunzaji kadhaa wa Linux wenye uhusiano na Urusi waliondolewa katika orodha ya watunzaji kwa ajili ya kutii vikwazo.

Sisemi kwamba vikwazo vyote ni dhuluma. Vita vya Ukraine si mchezo wa watoto. Ninachosema ni kwamba anayedhani programu huria haina nchi amejidanganya nusu. Msimbo hauna nchi, lakini seva ina nchi, shirika linaloilipia lina nchi, na mwandishi ana pasipoti. Wakfu unaosimamia mpango huria wa vichakato vya tarakilishi, RISC-V, uliliona jambo hili mapema, ukahamisha makao yake kutoka Marekani hadi Uswisi mwaka wa 2020.

Haya yote yatuhusu nini sisi tulio huku? Yatuhusu sana. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwa Wakenya ni za Android, ambayo kiini chake ni Linux. Mzazi anapolipa karo kwa simu, au mwalimu anapowasilisha ushuru wake, siri zao hulindwa na usimbaji wa aina ile ile ambayo zamani iliitwa zana ya vita. Sheria yetu wenyewe ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa njia za kuzihifadhi habari za watu. Kwa hivyo kilichokuwa silaha jana ni wajibu leo.

Lipo funzo kwa watungaji wa sera. Mapatano ya Wassenaar, ambayo tangu mwaka wa 1996 yameyaunganisha mataifa yanayodhibiti biashara ya silaha na teknolojia zake, yanaziacha huru programu zilizo wazi kwa umma. Katika Afrika nzima ni Afrika Kusini pekee iliyo mwanachama. Kenya haimo. Kanuni za jambo hili huandikwa mahali ambapo sisi hatuna kiti, kisha hutufikia zikiwa swali dogo kwenye ukurasa: wewe ni raia wa wapi?

Aidha, shinikizo la kuzidhoofisha kufuli halijakoma. Mwezi wa Februari, 2025 kampuni ya Apple iliiondoa nchini Uingereza huduma yake ya ulinzi wa juu kabisa wa kumbukumbu za wateja, baada ya serikali ya huko kutaka ipewe njia ya kuingilia. Ipo siku hoja kama hiyo itatolewa katika bunge letu, na itatolewa kwa jina la usalama. Siku hiyo nataka pawe na walimu watakaosimama na kuuliza: Je, ufunguo huo wa akiba atauweka nani, na akiupoteza? Historia niliyoisimulia yaonyesha kwamba kufuli haimtambui polisi na mwizi. Huyafungukia mikono yote miwili.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, ni letu sisi walimu. Wale watu wa Calgary, wa Ujerumani na wa Australia hawakungoja ruhusa ya mtu. Walipokatazwa hesabu za wenzao, waliziandika zao. Waliweza kwa kuwa walizijua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi tumeitegemea kazi ya wenzetu kwa muda mrefu kama watu wanaoteka maji bila ya kujua kisima kilichimbwa vipi. Mwanafunzi wetu hufunzwa namba tasa katika shule ya msingi kisha akaachwa aamini kwamba hazina kazi yoyote duniani. Kumbe ni juu ya ugumu wa kuitafuta migawanyo ya namba kubwa ambapo nyingi za kufuli hizi zimejengwa.

Mwalimu wa hisabati aweza kulianza somo hilo kesho kwa chaki tu. Na achukue namba tasa mbili, azizidishe, kisha awape wanafunzi jibu na kuwataka wazitafute zile mbili. Na aongeze tarakimu kidogo kidogo hadi waseme wameshindwa. Hapo watakuwa wameshika mkononi kitu ambacho dola kubwa ilijaribu kukizuia ikashindwa. Atakayeendelea hadi chuo kikuu aufungue msimbo wa OpenSSL au wa OpenSSH, ambao uko wazi kwa kila mtu, ausome kama tunavyosoma tamthilia, na akiona kosa alirekebishe na kulituma. Hakuna leseni anayohitaji.

Mimi sasa nimestaafu, lakini bado hukumbuka swali la mwaka ule wa 1999. Siku ile ukurasa uliniuliza mimi ni raia wa wapi. Laiti wangeniuliza kama najua kuzidisha.